Solrunn Haukeland na Programu Iliyoitwa Mama Mkwe

Ndugu msomaji, nakusihi: hata neno moja la karatasi hii lisimfikie Solrunn Haukeland kabla ya Ijumaa. Hapendi kusifiwa. Akiiona ataichora kwa kalamu nyekundu, na mimi ndiye nitakayeulizwa.

Tarehe 30 Juni Solrunn anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha hisabati katika Chuo cha Sandvær. Wengi hufundisha majibu. Yeye alifundisha uthibitisho, yaani kueleza kwa nini jibu haliwezi kuwa jingine. Alipochoka na wanafunzi wanaoandika "ni dhahiri" kila wanapokwama, alitunga programu ya kompyuta inayosoma uthibitisho mstari kwa mstari na kukataa kila hatua isiyo na sababu. Wanafunzi waliiita Mama Mkwe, maana hairidhiki. Solrunn alicheka, akalibandika jina hilo mlangoni kwake.

Mwaka huu Mama Mkwe alimkataa Jostein Kvamme. Ulikuwa mtihani wake wa tatu, na kwetu hakuna wa nne. Swali lilitaka athibitishe kwamba katika hafla yoyote, wapo wawili walioshikana mikono na idadi sawa ya watu. Jostein aliomba kuelezwa sababu ya alama yake, kama ilivyo haki ya kila mwanafunzi wa Norwei. Mkuu wa idara akaniagiza mimi, karani wa mitihani, nijibu kwamba programu imekataa. Nilimpelekea Solrunn jibu hilo atie sahihi.

"Mashine imekataa, sawa," alisema. "Lakini hiyo si sababu, mwanangu. Tunamdai kijana sababu kila mstari, halafu yeye tumpe hii?"

Akavuta kiti, akasoma na penseli mkononi. Jostein aliandika kwamba asiyemshika yeyote mkono hawezi kuwa kwenye hafla moja na aliyewashika wote. Basi idadi zinazowezekana ni chache kuliko watu, na lazima wawili walingane. Basi, hayo tu. Programu ilitaka hali mbili, hafla yenye mtu wa sifuri na hafla isiyo naye, zitenganishwe, kwa kuwa ndivyo Solrunn alivyoifundisha; hoja ya Jostein haikuhitaji hilo.

Sijapata kuona uso wa mtu aliyekosolewa uking'aa namna ile. Alikwenda mwenyewe kwenye kikao cha idara kinachopitisha alama.

"Mama Mkwe kakosea," aliwaambia, "na mimi ndiye niliyemlea. Kijana amefaulu."

Kisha akasoma upya, kwa macho yake, kila uthibitisho uliokataliwa.

Ijumaa saa nane mchana, baada ya kahawa na vafler, zile keki bapa za Kinorwei, sote tumshike Solrunn mkono. Jostein, ambaye Agosti anaanza kufundisha, ameomba awe wa kwanza. Hivyo hakuna atakayebaki na sifuri, na wawili kati yetu watalingana, tupende tusipende. Ahsante, Solrunn. Ustaafu wako uwe na heri, na usidaiwe sababu ya jambo lolote.

Atakayeona kosa humu aje ofisi ya mitihani, mlango wa pili baada ya ngazi. Agonge polepole, wala asipige simu: Solrunn yuko chumba cha jirani, na kuta zetu ni nyembamba.