Saipresi za Nahashon

Kila Ijumaa alasiri walikutana Batha, Riyadh, kwenye benchi lililo mbele ya duka la kutengeneza simu, kivuli cha jengo kikishafika. Kahawa ilitoka kwenye chupa ya Elly, dereva waliyemwita Daktari kwa sababu hakuna ugonjwa aliokosa dawa yake. Derrick walimwita Kontena, maana alianzia kazi Bandari ya Jeddah na hajaacha kuihadithia. Nahashon, bawabu wa ghala, alikuwa amekesha zamu mbili mfululizo na macho yalimwasha. Simuni mwake mlikuwa na picha kutoka kwao Elburgon: saipresi mia mbili alizopanda mwaka aliosafiri, matawi yamekauka, rangi ya kutu. Chini yake mkewe Damaris aliandika, “Mwenye msumeno amefika. Nikate ama?”

— Hao ni vidukari, alisema Daktari. Wanafyonza utomvu. Mwaga dawa, halas.

— Damaris alimwaga Januari, alisema Nahashon. Wakaisha. Sasa wamerudi maradufu.

— Walikuja na meli, alisema Kontena. Mimi nimeona Jeddah. Mbao za kubebea mizigo zimejaa wadudu, wanashuka kama abiria.

— Na Elburgon iko na bandari gani? aliuliza Daktari.

— Si wanapanda lori.

— Wacha meli, alisema Daktari. Ni hao wauza dawa. Wanafungulia wadudu shambani, kesho yake wanafungua duka.

— Ama ni mnara wa simu, alisema Kontena. Network ikipanda, wadudu wanazaana.

— Basi hapa Batha tungekuwa tumeliwa tukabaki viatu, alisema Daktari.

Nahashon alisugua macho. Alitaka mtu amwambie kata au usikate, basi.

Kando yao aliketi dada mmoja akingoja simu yake ibadilishwe kioo. Aliitwa Jael, mfanyakazi wa ndani. Ijumaa hiyo madam alikuwa amempa saa mbili tu.

— Samahani, kaka zangu. Kuna mtu amegeuza tawi akaangalia chini?

Nahashon alitikisa kichwa.

— Nilifanya kazi kitalu cha miti, Londiani. Kuna nyigu mdogo, mdogo kuliko punje ya wimbi. Anataga yai ndani ya kidukari. Kidukari anavimba, anakuwa rangi ya kahawia, mtoto wa nyigu anamla kutoka ndani, halafu anatoka kwa katundu ka mviringo.

— Sasa mbona wamerudi wengi hivyo? aliuliza Nahashon.

— Dawa iliua wote, hata nyigu. Kidukari anazaa haraka, hata dume hahitaji. Nyigu anakuja nyuma yake, pole pole. Lazima akute chakula kwanza.

Nahashon alimpigia Damaris, akaweka sauti ya juu, akamwambia ageuze tawi atafute vidukari waliovimba, wenye tundu. Walimsikia Damaris akiomba msumeno uzimwe, kisha hatua zake, kisha matawi yakigeuzwa.

— Wako, alisema Damaris. Wamevimba, wako na tundu. Nimehesabu kumi na mmoja tawi moja. Wale wazima siwezi kuhesabu.

Nahashon alimgeukia Jael.

— Wanatosha?

— Sijui, kaka. Sisi tulikuwa tunangoja mvua, zile kubwa zinaosha vidukari, nyigu wanapata nafasi. Miti mingine ilipona. Mingine ilikufa.

— Mama Ivy, Nahashon alimwambia mkewe kwenye simu, mwambie mwenye msumeno aende zake. Usimwage dawa tena. Ngoja mvua.

— Sawa.

Kafili, mwajiri aliyeshika kibali cha Nahashon, alikuwa amemwahidi likizo baada ya Ramadhani, mara tatu sasa, na Ramadhani zote tatu zilikuwa zimepita.

— Miaka sita, Nahashon, alisema Damaris. Watoto nimewaambia ngojeni. Miti nitaiambia ngojeni. Na mimi nangoja nini, mvua ama wewe?

Daktari aliinamisha kichwa. Kontena alitazama barabara. Jael aliitwa ndani kuchukua simu yake, akaenda bila kuaga.

Nahashon aliondoa sauti ya juu, akasogea ukutani, akaziba sikio la pili kwa kiganja.

— Niko hapa, alisema. Damaris, niko hapa.