Despina Anasubiri Jibu la Trieste

Mbele ya mkahawa wa Vaska, mjini Bitola, kuna benchi moja refu, na mchana ule lilikuwa limekaliwa na watu watatu, mmoja wao roho juu. Huyo ni Despina, mwanafunzi wa historia mwaka wa tatu. Alikuwa ameomba nafasi ya mafunzo ya majira ya joto ng'ambo mpaka vidole vikauma. Wengine walimkataa, wengine hata kumkataa hawakujisumbua. Limebaki jumba dogo la makumbusho huko Trieste, Italia. Asubuhi wamemhoji kwa simu, wakamwambia jibu ni leo. Basi simu imelazwa kifudifudi mezani, na kahawa inapoa bila kuguswa. Kulia kwake yuko Konsuli, fundi uashi mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa aliwahi kukaa Ujerumani. Kushoto, Redio, dereva wa teksi asiyezimika.

— Walikuuliza nini? akaanza Redio.

— Kwa nini nasoma historia.

— Ukasemaje?

— Nikasema naipenda.

— Umekwisha! Nani anaajiri mapenzi?

— Usimtishe mtoto, Konsuli akadakia. Waitaliano wanapima adabu tu. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Uliinama?

— Ilikuwa simu, babu.

— Ona sasa. Hukuinama.

— Adabu kitu gani! Redio akapiga meza. Hao majasusi. Hebu fikiri, mtu wa historia wa nini? Wanataka siri za Bitola.

— Siri zipi, anko?

— Shh! Si hapa!

— Angesomea meno huyu, Konsuli akasikitika. Meno yanauma kila nchi. Lakini ndiyo hivyo, maji yakimwagika hayazoleki.

— Hiyo inahusu nini?

— Inahusu kusubiri.

Simu ikatetemeka. Despina akaitazama kama nyoka.

— Shangazi Vaska, nisomee wewe!

— Miwani iko jikoni, mwanangu, Vaska akajibu kutoka mlangoni.

Redio akainyakua.

— Kampuni ya simu. Wanakuuzia bando.

Despina akainamisha kichwa magotini. Yuko hivyo hivyo, simu ikatetemeka tena. Safari hii aliigeuza mwenyewe, akasoma kimoyomoyo, kisha kwa sauti iliyokatika:

— Wamenichukua. Wanataka nithibitishe leo.

Benchi likalipuka. Redio akaapa kwamba alijua tangu mwanzo. Konsuli akaagiza kahawa nyingine kwa wote. Kelele hizo ndizo zilizomkuta Bibi Ristana, nyanya yake Despina, akitoka sokoni na mfuko wa vitunguu majani.

— Mmefiwa au mmeoa?

— Nimepata, bibi! Trieste!

Bibi akambusu paji la uso, mara mbili.

— Hongera, roho yangu. Unarudi lini?

— Agosti. Mwishoni.

Bibi Ristana akamgeukia Konsuli, taratibu, bila ubaya.

— Na Naum, mwanao, alipokwenda Uswidi kuchuma matunda, alisema anarudi lini?

Konsuli akakoroga kahawa isiyo na sukari.

— Agosti, akasema.

Hakuna aliyemuuliza Agosti ya mwaka gani. Naum bado yuko Uswidi.

Kidole cha Despina kilikuwa kimesimama juu ya kioo cha simu. Furaha bado ilikuwepo. Lakini akilini aliona dirisha la jikoni la bibi, na taa yake moja.

— Bibi, nisiende?

— Nani kasema? Bibi akaweka mfuko chini, akajisogeza akaketi kati yao. Wajibu watu, usiwacheleweshe. Nenda kaone. Ila mimi usiniahidi mwezi wa kurudi.

Despina akabonyeza. Kisha akaushika mkono wa bibi, wenye harufu ya vitunguu, akaung'ang'ania. Vaska alipoleta kahawa, hakuna aliyenyoosha mkono.