Aliyeuliza Jina Kwanza: Dkt. Eusebia Chuquimia Laruta (1952–2023)

Kaeni, mnaoweza kukaa. Karatasi mliyopewa langoni ameiandika Lidia, binti wa marehemu, na kila tarehe iliyomo ni sahihi. Mimi ni Primitiva, mdogo wake marehemu, muuza viazi vikavu wa soko la Rodríguez, na nimepewa kazi ya kuisoma. Mstari wa mwisho unasema kwamba dada yangu anazikwa katika shimo la ukuta huu, kama tunavyozika hapa, pamoja na Mzee Casimiro, fuvu lake la kufundishia ambalo nyote mnalijua. Fundi amekwisha kulichonga jina hilo kwenye jiwe. Hilo lilikuwa uongo hadi jana saa tano asubuhi, na uongo huo niliutunga mimi. Jiwe halitapachikwa kabla sijamaliza kusema.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1952 katika mji wa Corocoro, kwenye machimbo ya shaba, mtoto wa kwanza wa Fermín Chuquimia, mchimbaji, na Sabina Laruta. Mwezi Mei 1963 baba aliangukiwa na jiwe kichwani. Alisimama, akajipangusa vumbi, akarudi nyumbani kwa miguu yake, akanywa supu na kumtania mama kwamba chumvi imeadimika mjini. Jioni maneno yake yalianza kuparaganyika. Kulipokucha alikuwa anakoroma na hatukuweza kumwamsha. Daktari wa machimbo alisema apelekwe La Paz, lori likapatikana siku iliyofuata, na baba akafia njiani. Eusebia alikuwa na miaka kumi. Alikaa nyuma ya lori akikishika kichwa cha baba kwa mikono miwili kisigonge mbao. Aliniambia tukiwa watu wazima kwamba alihisi kitu humo ndani kikisukuma kutaka kutoka, na hakuna aliyekifungulia.

Mwaka 1964 mama alituhamishia La Paz. Marehemu alimaliza sekondari mwaka 1970, akasubiri kwa sababu chuo kikuu kilikuwa kimefungwa, akaanza masomo ya udaktari Februari 1973. Enzi hizo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alikuja na fuvu lake mwenyewe. Dada alilipata hapa hapa makaburini, kwa mchimba kaburi, kutoka kwenye mifupa ambayo muda wake uliolipiwa ukutani ulikwisha na hakuna ndugu aliyekuja kuidai. Alilileta nyumbani ndani ya mfuko wa unga. Mama aliufungua akidhani ni unga.

“Mgeni huyu anaitwa nani?” mama aliuliza.

“Mama, hilo ni la darasani.”

“Sijakuuliza ni la wapi. Nimekuuliza jina. Unamleta mtu nyumbani kwangu, hana kofia, hana jina, halafu unataka nimpikie?”

Mama alimfumia kofia ya sufu ya rangi ya kahawia, akamwekea majani ya koka na sigara, akasema jina atalileta mwenyewe. Wiki haikuisha. Asubuhi moja tunakunywa chai, mama akasema ameota mwanamume mwembamba aliyevaa kofia ya wafanyakazi wa reli. Eusebia akaweka kikombe chini, akauliza kama mtu huyo alikuwa na kidole kimoja kilichokatika. Mama akasema ndiyo, na kwamba anaitwa Casimiro. Nami ndoto hiyo hiyo nilikuwa nimeiota.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 21 Aprili 1979 na Anselmo Yujra, mtaalamu wa dawa za usingizi, mtu wa mizaha na mpole kupita kiasi. Anselmo alipokuja kuposa, dada alimwambia asalimie wote waliomo ndani. Kijana akavua kofia, akampa Mzee Casimiro sigara na kuiwasha. Tulikaa tukiitazama. Sigara iliungua pole pole, ikitulia na kuwaka, mpaka mwisho, na majivu hayakudondoka. Anselmo alisema, “Shemeji yangu huyu mapafu yake mazuri,” na mama akakubali posa papo hapo. Anselmo alitutangulia mwaka 2009.

Sasa kazi. Marehemu alisomea upasuaji wa ubongo São Paulo kuanzia 1981, akarudi mwaka 1986. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kufukua mafaili ya watu 212 waliopigwa kichwani mikoani na kufa kabla ya kufika mjini. Aliyasoma yote, mezani kwangu, akiwa amenijazia karatasi mpaka nikakosa pa kuweka sahani. Wengi wao, kama baba, walikuwa wakizungumza saa za mwanzo. Damu ilikuwa ikivilia ndani taratibu, na hapakuwa na mtu wa kutoboa tundu. Basi mwaka 1988 alianzisha Kozi ya Tundu Moja, kwa madaktari na wauguzi wa hospitali ndogo zisizo na daktari bingwa. Wiki mbili, keekee ya mkono ya kutobolea mfupa, na Mzee Casimiro. Wanafunzi walifumba macho wakatafuta mahali kwa vidole: viwili juu ya mfupa wa shavu, kimoja nyuma ya pembe ya jicho. Mahali hapo palikuwa na nukta ya wino wa bluu, aliyoitia mwenyewe mwaka 1973.

Aliyemgusa kabla ya kumsalimu alirudishwa nje. Wapo hapa waliorudishwa nje, nawaona. Mlidhani ni ushamba wa mama yetu. Sivyo. Dada aliandika kwenye utafiti wake kwamba mgonjwa aliyepigwa kichwani aulizwe jina lake kila robo saa, na aulizwe kwa upole ili ajibu. Akijibu vingine, damu imeanza kukandamiza ubongo, nawe chukua keekee. Baba hakuulizwa jina na mtu yeyote. Sote tulilijua.

Hapa ndipo karatasi ya Lidia inaponyamaza. Tarehe 8 Novemba 1991, siku ya mafuvu, ambapo wenye kutunza mafuvu nyumbani huyaleta makaburini, dada aliitwa chumba cha upasuaji, akanikabidhi Mzee Casimiro nimlete hapa kubarikiwa. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilimvua kofia isilowe, nikaitia mfukoni, nikampanga kwenye ukingo wa kaburi pamoja na wenzake mia, wote na mataji yao ya maua meupe. Kisha bendi ikapiga, na mimi nilikuwa na miaka thelathini na mitano na miguu mizuri. Nilicheza. Niliporudi nikachukua fuvu lililokuwa pale nilipoliacha, nikalivika kofia, nikaenda zangu. Nyumbani nilifuta petali, nikatafuta nukta ya bluu, sikuiona.

Nilirudi mbio, nikakuta wafagiaji na maua yaliyokanyagwa. Mngefanya nini? Mimi nilichukua kalamu ya shule ya mwanangu, nikatia nukta.

Jioni Eusebia alirudi, akalipakata, akalipitishia kidole gumba juu ya jicho, mara moja, taratibu. Mikono yangu ilikuwa na wino. Akaniuliza, “Mvua imemnyeshea?” Nikasema imemnyeshea. “Basi tumkaushe,” akasema. Tangu siku hiyo sikulileta tena hapa. Miaka yote nilijisifu moyoni kwamba nimemdanganya daktari bingwa wa mafuvu.

Dkt. Rufino Tarqui, aliyeanza kama mwanafunzi wake na sasa ndiye anayeongoza kozi, ameniambia juzi tu, tukikesha msibani. Kabla ya mwaka ule profesa alikuwa akiingia darasani na kusema, “Habari za asubuhi, Mzee Casimiro.” Baada ya hapo hakulitaja jina hilo tena. Aliweka mkono juu ya fuvu, akauliza, “Wewe ni nani?” akanyamaza dakika nzima, na darasa zima likanyamaza naye.

“Tulidhani ni somo la kusubiri jibu,” Rufino alisema. “Ila wakati mwingine, mama, kwenye kimya kile, tulihisi kama mtu anataka kusema halafu anasita. Hakuna aliyependa kukaa mstari wa mbele.”

Machi mwaka huu marehemu alianza kusahau jina la kijiko. Picha zilionyesha uvimbe upande wa kushoto wa ubongo. Aliziangalia, akawaita wanafunzi wake nyumbani, akawafundisha juu ya kichwa chake mwenyewe kwa saa mbili, wakalia, akawagombeza. Alikataa kufunguliwa kichwa. Mimi alinipa kazi: kila asubuhi nimuulize jina, na siku atakapojibu vingine nisimpeleke popote, nikae naye. Aliandika pia karatasi fupi kuhusu fuvu, lililokaa katika sanduku la kioo kando ya kitanda chake: “Aliye sandukuni aende nami, au arudi kwao.” Lidia alidhani kwao ni udongoni, akaongeza jina la Casimiro kwa mkono wake. Dada hakuwa ameandika jina.

Kila asubuhi nilimuuliza, “Dada, unaitwa nani?”

“Eusebia.”

“Na mimi?”

“Primitiva, mwongo wangu.”

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa ugonjwa.

Jumatatu tarehe 6 Novemba, saa mbili asubuhi, nilimuuliza anaitwa nani, akasema, “Delfina.” Nikamwambia kwetu hakuna Delfina. Akageuza macho kwenye sanduku la kioo, na maneno yakamtoka bila kukwama, kama zamani. “Si mimi, ni yeye. Namuuliza tangu umlete na ile mvua. Kajibu leo.” Nilipiga magoti nikamwambia yote, bendi, kalamu, wino. Akanipapasa kichwa, vidole viwili juu ya shavu, kimoja nyuma ya jicho, akasema, “Hamna kitu humu. Ni mzima.” Saa nne alifariki, mkono wake ukiwa bado kichwani kwangu.

Jana ilikuwa siku ya mafuvu. Dada yangu amelala ndani na mishumaa, mimi nikabeba sanduku nikaja hapa. Mlinisema, najua. Nilipita ukingo hadi ukingo nikiuliza nani alimpoteza Delfina. Watu walinicheka, mmoja akaniambia, “Mama, hapa mafuvu hupotea kila mwaka.” Saa tano mwanamke mmoja aligeuka. Ni Bibi Hilaria Calle, wa Villa Victoria, amesimama pale kando ya ngazi, msimsukume. Mikononi alikuwa na fuvu lisilo na kofia, lenye nukta ya bluu, kuukuu, ya dada yangu kweli. Amekuwa akija nalo kila mwaka kumtafuta Delfina, fuvu alilolitunza mama yake.

Nilianza kuomba msamaha, akanikatiza.

“Daktari ni nani yako?”

“Daktari gani?”

“Delfina hunijia ndotoni mara moja kwa mwaka, peke yake. Juzi na jana kaja na mama wa koti jeupe. Ananishika kichwa kwa vidole, anauliza naitwa nani.”

“Ukamjibu?”

“Nikamjibu. Mtu mpole vile utamnyamaziaje?”

Basi Delfina amerudi kwao. Fundi, jiwe liache kama lilivyo; aliyemo humu sasa ni Mzee Casimiro mwenyewe, na nimemvika kofia ya mama. Sina sababu tena ya kujificha, ila natamani ningesema miaka ile, dada angali na sauti ya kunigombeza.

Marehemu ameacha binti mmoja, Lidia, wajukuu wawili, mdogo mmoja, na wauguzi na madaktari 640 ambao vidole vyao vinajua mahali. Bibi Hilaria na Delfina pia ni wafiwa, waandikwe.

Nanyi mkilala leo, akija mtu mpole akakuulizeni jina, msiogope. Anataka kujua tu kama bado mpo. Mjibuni, atawaacha mlale.

Lala salama, dada. Mimi naitwa Primitiva.