Gasketi Niliyoikata Mimi

Funga dirisha hilo, binti yangu, makelele ya barabarani yananimeza sauti, na sauti yenyewe ndiyo hiyo imebaki kidogo. Wewe kaka yake, weka simu chini ukae kwenye kiti. Baba yenu mdogo mwacheni asimame hapo mlangoni kama anavyotaka. Nimemwita mimi, na sharti alilonipa ni moja tu, kwamba haya nitakayoyasema yasiishie faraghani, niyaseme mbele yenu. Basi sikilizeni, wanangu, wala msinikatize hata mtakaponichukia, maana nikinyamaza sina hakika kama nitaweza kuanza tena.

Mnaijua pikipiki iliyofunikwa turubai kule nyuma ya karakana. Mmekua mkiiona, mmekatazwa kuigusa, na wewe mwanangu wa kiume wiki iliyopita ulimleta yule mnunuzi wa vitu vya kale kuikagua, ukadhani kwa kuwa nimelala humu sisikii. Nilisikia turubai likivutwa. Nilimsikia akisema injini ni safi ajabu kwa umri wake, na wewe ukamjibu kwa majivuno kwamba baba yako aliifufua kwa mikono yake mwenyewe. Neno hilo ndilo lililonifanya nimwite ndugu yangu. Ni kweli niliifufua. Lakini hamjawahi kuambiwa aliyeiua ni nani.

Ilikuwa ya babu yenu. Aliipata ikiwa imeshazeeka, akaiendesha mpaka ikaanza kutoa moshi wa buluu na kuishiwa nguvu mlimani, ndipo akatukabidhi sisi wanawe wawili tuifumue yote mpaka skrubu ya mwisho. Mimi nilikuwa na mkono safi, ndivyo alivyokuwa akisema babu yenu. Kila spana nairudisha mahali pake, kila nati naifuta. Ndugu yangu alikuwa mchafu, mcheshi, anapoteza vifaa kila siku, lakini alikuwa na masikio. Atasimama kando ya injini inayounguruma, amefumba macho, halafu atakwambia beringi ipi imeanza kulegea, na ukifungua unaikuta ndiyo hiyo hiyo. Wateja walimwita Masikio. Walikuwa wakifika mlangoni wanauliza, Masikio yupo, nami nimesimama mbele yao na spana mkononi. Babu yenu naye alishatamka kwa kinywa chake kwamba karakana ataachiwa Masikio, nami niwe msaidizi, kaka mtu msaidizi wa mdogo wake. Nililimeza neno lile likanikaa kooni. Silitaji kama kisingizio. Nalitaja kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Pikipiki kuukuu kama ile haina vipuri madukani. Gasketi, ile karatasi ya kuziba inayokaa kati ya bloku, yaani tumbo la injini, na silinda, ilibidi tuikate wenyewe, nikaikata mimi. Unaweka karatasi ngumu juu ya chuma, unagonga polepole kwa nyundo ndogo ukingoni mwa kila tundu mpaka karatasi ikatike: tundu kubwa la pistoni katikati, manne ya boliti, na kijitundu kimoja kadiri ya punje ya dengu, kinachopitisha oili kupanda juu kwenye valvu. Hicho sikukitoboa. Sikuwa nimelewa, sikuwa na haraka, hakuna aliyenisemesha. Nilisahau tu. Nikaipaka gundi, nikaketisha silinda juu yake, nikakaza boliti kwa utaratibu, na kila aliyeitazama alisema kazi imetulia.

Asubuhi ya kuijaribu ilikubali kiki ya pili. Babu yenu alicheka mpaka akashika mbavu. Ndugu yangu akainama, akafumba macho, kisha akanivuta kando, na alichoniambia ninacho mpaka leo. Alisema, "Kaka, huku juu kunalia kukavu. Naona oili haipandi. Tufungue tuangalie."

Nikamwambia, "Injini ikitoka kufumuliwa lazima ilie. Itanyamaza yenyewe njiani. Au unataka baba aone kwamba kazi yangu haiaminiki?"

Akanitazama. Alikuwa akiniheshimu, huyu mnayemwona hapo. Mimi ni kaka yake. Akapanda akaenda.

Alifika mteremko wa kiwandani. Valvu iliyokauka ikanasa ikiwa wazi, pistoni ikapanda ikaigonga, injini ikajifunga ghafla na gurudumu la nyuma likajifunga nayo. Mguu wake ulibaki chini ya chuma mpaka wapita njia walipoiinua. Goti lile halijakunjika tangu siku hiyo.

Pikipiki ililetwa karakana kwa mkokoteni kabla yeye hajatoka chumba cha upasuaji. Nilipaswa kuwa hospitali. Mimi nikafunga mlango, nikafungua injini. Juu kote kulikuwa kukavu, vyuma vimeungua vikageuka rangi ya zambarau. Nikainua silinda, nikaiona karatasi yangu imelala vizuri, imeziba njia ya oili kabisa, na upande wa chini oili imechora kiduara kidogo pale ilipokuwa ikisukuma na kukosa pa kupita. Nikaibandua, nikaichoma, nikakaa nayo mpaka ikawa jivu. Babu yenu alipoingia na kuuliza, nilimwambia, mwanao ameikimbiza injini kabla haijalainika. Nilidhani nitayasema mara moja tu yaishe. Kumbe nitayasema maisha yangu yote.

Ninyi mliambiwa niliitengeneza kwa mapenzi. Miezi saba niliinamia injini ile. Pistoni ilikuwa imetoboka, nikapata nyingine ya mashine ya kusaga, kubwa kidogo, mchonga vyuma akaipunguza. Silinda ilikuwa na mikwaruzo ya kuzamisha ukucha, ikabidi itiwe silivu mpya, bomba jembamba la chuma, ndani. Konrodi inayoshika pistoni ilipinda. Tukainyoosha, ikapinda tena, tukatafuta nyingine. Kijibomba cha shaba ambamo valvu hupanda na kushuka nilikichonga mwenyewe, nikakiharibu mara tatu. Na gasketi nikakata nyingine, na safari hii kile kijitundu nilikitoboa kwanza kabla ya matundu mengine yote. Babu yenu alikuwa akinitazama na kuwaambia majirani, mwoneni huyu, mdogo wake ameharibu, yeye anatengeneza wala hanung'uniki. Sifa ile nilikuwa naila, wanangu, kama mgeni aliyeandaliwa chakula kilichochacha na wenyeji wanamtazama mdomoni. Nilimeza. Sikuthubutu kutema.

Siku ilipowaka, ndugu yangu alikuja na magongo yake mawili. Akasikiliza. Akasema, "Sasa oili inapanda." Hayo tu. Babu yenu alikuwa karibu na hakuelewa, lakini mimi nilielewa, na kwa hofu nikamwambia mbele ya baba, "Ungeiendesha taratibu, haya yasingekufika." Akajibu, "Sikuikimbiza." Akageuka, akaondoka, na mguu wake haujakanyaga karakana tena.

Ngojeni. Ngojeni nipumue.

Babu yenu alibadilisha neno lake, karakana ikawa yangu. Masikio akaenda kufanya kazi kwenye ghala la saruji, kutwa kutazama mifuko ikiingia na kutoka, mtu aliyekuwa anasikia ugonjwa ndani ya chuma. Na ninyi mkakua mkimcheka. Binti yangu, uliwahi kuniuliza kama ni kweli baba mdogo alikuwa amelewa siku ile, nikanyamaza, na kimya changu ukakichukua kuwa jibu. Wewe, kaka yake, ulimkataza asimshike mwanao mkono kuvuka barabara, hapa hapa mbele ya nyumba, ukasema mtu yule hana uangalifu. Nilikuwepo. Niliendelea kunywa chai. Usiinamishe kichwa sasa, mwanangu. Ulirudia uliyofundishwa, na mwalimu nilikuwa mimi.

Juzi alipokuja nikamweleza yote, hata hili la onyo lake nililolipuuza. Nilitegemea atanitukana, na ningeshukuru. Akasema, "Nilijua tangu siku ile. Nilikuwa nangoja umwambie baba angali hai." Nikampa pikipiki. Akasema haitaki. Akasema, waambie wanao.

Sasa shikeni haya. Karakana haikuwa yangu, kwa hiyo siwaachii. Hati imeshaandikwa kwa jina la baba yenu mdogo, iko chini ya mto wangu, na mashahidi ni mchonga vyuma na jirani yetu fundi cherehani. Binti yangu, wewe ndiye uliyeiendesha karakana miaka yote hii, na najua ninalokufanyia. Akikutaka, fanya kazi chini yake. Asipokutaka, chukua vifaa ulivyojinunulia utoke, na usimjibu neno. Nyumba hii ni yenu wawili, gawaneni vyumba bila kelele. Pikipiki, kwa kuwa ameikataa, ni yenu pia, ila msiiuze kwa hadithi ile ya kwamba niliifufua. Atakayeitaka mumweleze ilimwangusha nani na kwa kosa la nani, na akiogopa aende zake. Na siku ya kunizika, kabla watu hawajaanza kunisifu, wewe mwanangu wa kiume, kwa kuwa una sauti kubwa, simama useme: baba yetu alikosea gasketi, akaonywa, akamsukumia mdogo wake lawama. Sema hivyo hivyo. Usipambe.

Mbona mmegeuka? Ni nani anayetembea? Hiyo ni fimbo yake, inashuka ngazi. Kaa, binti yangu, usimkimbilie. Alikuja kusikia, na amesikia. Nilifikiri labda... nilifikiri angesema lolote. Hakuniahidi.

Nisogeleeni, nyuso zenu zinanipotea. Mungu awape kazi ya mikono isiyowatia aibu. Awape ulimi mwepesi wa kusema nimekosa, siku ile ile, mtu akiwa bado anaweza kusikia. Awajalie watoto wenu wasiwajue ninyi kwa kuambiwa na wengine. Mpendane... hata kama mimi sikuweza kumpenda ndugu yangu.

Maji. Kidogo tu. Inatosha.

Kesho asubuhi nendeni kwake, wote wawili. Msiseme nimewatuma. Bisheni hodi. Asipofungua, rudini kesho kutwa, na siku inayofuata... msichoke. Akifungua, msimwite baba mdogo. Mimi sitakuwepo. Mwiteni baba. Asipoitika... mwiteni tena.