Chaza Watatu wa Fundi Cherehani

Mgeni rasmi, Mkuu wa Usalama Majini; mwalimu wetu; ndugu na jirani mliofika,

KARIBU
Umekuja mwenyewe badala ya kutuma msaidizi, nasi furaha yetu haifichiki. Viti vina unyevu kidogo. Utuwie radhi, tulianika nguo za kuzamia hapo.

TULIKOTOKA
Tulianza mwaka jana, wanagenzi kumi na mmoja, wengi tusiojua hata kuelea. Mwalimu alitufundisha kuzamia kwa kufuata mkondo: unashuka na mtungi wa hewa, unashika kamba ya boya, mkondo unakupitisha juu ya mchanga huku boti ikifuata boya, nawe unaokota chaza unaowakuta.

Mmoja wetu ni fundi cherehani mstaafu wa miaka sitini na mbili. Nyumbani huaga kwamba anakwenda mazoezi ya magoti. Mgeni rasmi, huyo ni mama yako mzazi. Tunakuomba ubaki umeketi.

MAFANIKIO
Siku yake ya kwanza, mita saba chini, aliona ukingo wa chaza umechomoza mchangani. Kabla hajanyoosha mkono, mkondo ulikwisha kumpitisha. Akageuka, akapiga miguu kurudi, akahema ovyo, mapovu yakamtoka kama sufuria inayochemka. Mwalimu akamshika kiganja, akamwonyesha mbele: mwache huyo. Akalegea. Mbele kidogo akamkuta mwingine, akamwokota. Kisha wa pili, na wa tatu.

Alipopandishwa botini alicheka mpaka machozi.

"Miaka arobaini nimekanyaga cherehani nikabaki palepale," alisema. "Leo sijakanyaga kitu, hebu angalieni nilipofika!"

Tangu hapo amezamia mara kumi na tisa. Chaza uliowasifu mezani mchana huu ni wake.

CHANGAMOTO
Rasimu ya kanuni iliyo ofisini kwako inawazuia waliopita miaka sitini kuzamia. Itatuondolea wanne. Wote hupimwa na daktari kila miezi mitatu, na presha ya mama yako ni nzuri kuliko ya katibu anayekusomea risala hii.

MAOMBI
Tunaomba kibali kifuate cheti cha daktari, si mwaka wa kuzaliwa. Tunaomba pia ngazi ya boti. Kwa sasa tunavutwa kama magunia.

Ombi la mwisho ni la mama yako, na ametukataza kubadili hata neno: "Mwanangu, najua umekasirika. Ningekuambia, ungenikataza. Hasira zikiisha, njoo Jumamosi saa mbili asubuhi. Nguo yako ya kuzamia nimeshaipanua kiunoni."

Mungu akulinde juu ya maji na chini yake.

Ni sisi,
Wanagenzi wa Mkondo