Sifuri Tisa Alizokataa Kuandika Mama Vikombe

Wazazi wetu, wakwe zetu, majirani, walimu wenzake, na ninyi wageni wa chuo kikuu mliokaa safu ya pili, nimesimama hapa kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya mdogo wangu. Mimi ni kaka yake aliyemtangulia kuzaliwa, kazi yangu ni kutengeneza majokofu, hotuba siziwezi, na karatasi hii niliiandika jana, baba mdogo akaipitia na kukata mistari saba kwa kalamu, akaniambia hasira hasara. Baba mdogo namheshimu sana, ila mistari yote saba nitaisoma.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 11 Agosti 1978, saa mbili asubuhi, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa nne kati ya watano wa baba yetu, karani mstaafu wa ghala la reli, na mama yetu, mshonaji wa sare za shule. Mama anasema hakulia mpaka mkunga alipomgeuza, na alipoanza hakunyamaza, jambo ambalo sisi tuliolala naye chumba kimoja tunalithibitisha.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya karakana ya reli kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, akaendelea na sekondari hadi 1998, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu Novemba 2000. Tarehe 15 Januari 2001 aliajiriwa kufundisha chekechea, katika chumba chenye madirisha mawili ambacho awali kilikuwa stoo ya madawati mabovu, akakipaka rangi mwenyewe, akafundisha humo kwa miaka zaidi ya ishirini, na katika miaka hiyo hiyo, kwa masomo ya jioni na ya likizo, akapata shahada ya kwanza mwaka 2008 na ya uzamili mwaka 2012.

Tarehe 16 Desemba 2006 alifunga ndoa na shemeji yetu, mpima ardhi, mtu wa maneno machache, aliyekuja kujitambulisha nyumbani akiwa na buti za kazini zenye udongo, na mama akampenda hapo hapo kwa sababu alizivua mlangoni bila kuambiwa. Walijaliwa watoto wawili, wa kike aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2008 na wa kiume aliyezaliwa tarehe 29 Septemba 2011.

Tarehe 7 Oktoba 2013 aliandikishwa kusomea shahada ya uzamivu katika saikolojia ya makuzi, yaani, kwa sisi watu wa bisibisi, elimu ya namna akili ya mtoto inavyokua. Alichukua watoto ishirini na sita wa miaka minne na mitano, na kipimo alichopewa na msimamizi wake kilikuwa hiki: unaweka mbele ya mtoto vikombe viwili vyenye maji sawasawa, unamimina maji ya kimoja kwenye kikombe chembamba kirefu, halafu unamuuliza wapi kuna maji mengi, akijibu unampa alama, akikaa kimya unamwandikia sifuri. Ndipo watoto wakampa jina la Mama Vikombe, na mtaani wengi hamkumjua kwa jina lingine.

Watoto tisa walikaa kimya wakatazama sakafu, na mtafiti mwingine angeandika sifuri tisa akaenda kunywa chai. Yeye alikuwa amekaa na watoto wa chekechea miaka kumi na tatu, akajua kwamba mtoto aliyelelewa akaleleka, akiulizwa na mtu mzima mgeni jambo ambalo mtu mzima huyo amelifanya mwenyewe mbele ya macho yake, hudhani ni mtego, na adabu ya nyumbani inamwambia afunge mdomo. Basi akaacha kinasa sauti mezani, akatoka nje, akamwomba dada au kaka wa mtoto aingie aulize swali lile lile, na wote tisa wakaongea, wanane wakajibu sawa na sababu wakatoa, mmoja hadi akamkaripia dada yake kwamba hivi huoni kuwa maji ni yale yale.

Msimamizi akasema kipimo ni kipimo, dada wa mtoto si mtafiti, wale tisa waandikiwe sifuri. Hapa ndipo palipokuwa na mstari wa kwanza uliokatwa, nao unanihusu mimi, kwa sababu Novemba 2014 nilikaa jikoni kwake nikamwambia aandike hizo sifuri amalize, apate cheo chake, watoto wenyewe hawatajua. Kumbe mwalimu mkuu alikuwa ameshaomba orodha ya alama ili aamue nani apande darasa la kwanza na nani abaki, na mdogo wangu akanijibu bila kuacha kuosha vyombo, "Kaka, hiyo sifuri nikiiandika mimi, atakayeibeba ni mtoto." Aibu ile ninayo hadi leo.

Watoto wote tisa walipanda darasa pamoja na wenzao, na mdogo wangu akaanza kulipia. Alikabidhi tasnifu yake tarehe 12 Machi 2018, kurasa mia tatu na kumi na mbili, msimamizi akakaa nayo miezi kumi na minne, ikarudi na sentensi moja tu kwenye ukurasa wa mbele, ile ile ya sifuri. Akaikabidhi tena mwaka 2019, na tena mwaka 2021, akapigwa danadana, mara mzee yuko kikaoni, mara mzee amesafiri, naye amekaa kwenye benchi la korido ya ghorofa ya pili, chini ya ubao wa matangazo wenye majina ya waliofaulu, baadhi yao wanafunzi wenzake aliowafundisha takwimu yeye mwenyewe. Ngoja ngoja huumiza matumbo, ninyi wa safu ya pili mnaujua msemo huo, na mliutumia kwa mtu.

Tarehe 22 Novemba 2021 madaktari waligundua kwamba figo zake zote mbili zimeshindwa kazi, akawa anasafishwa damu kila Jumatatu na Alhamisi, kwa muda wa saa nne kila mara, mkono wa kushoto kwenye mashine, wa kulia una kalamu, anasahihisha kurasa. Februari mwaka huu, baada ya barua yake ya saba kwa mkuu wa idara, tasnifu ilipelekwa kwa mtahini wa nje, akaisoma kwa wiki tatu, akaandika kwamba iko tayari kutetewa kama ilivyo. Wiki tatu, ndugu zangu, na kuna mtu ilimshinda kwa miaka sita.

Utetezi ukapangwa tarehe 18 Juni. Tarehe 20 Mei alilazwa, hawezi kusimama, shemeji akapeleka barua ya daktari kuomba watahini wamuulize maswali yao wodini, mwendo wa dakika kumi na tano kutoka geti la chuo, au hata kwa simu. Jibu lilikuja tarehe 27, kwamba kanuni zinamtaka mtahiniwa afike mwenyewe, na akitaka kuahirisha ajaze fomu. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, saa tisa alasiri, mumewe na mama wakiwa pembeni yake, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano, fomu haijajazwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha kusafisha damu, hasa muuguzi aliyemtengenezea kibao cha kuandikia kwa mfuniko wa boksi la dawa, tunawashukuru majirani waliowalisha watoto wake bila kuitwa, na walimu wenzake waliogawana vipindi vyake kwa miaka miwili na nusu bila kunung'unika.

Idara nimeiacha mwisho. Jana mchana mlituletea shada la maua na barua, kwamba mmeridhia leo tumtaje kwa cheo cha Daktari, kwa heshima. Tumekaa kikao cha familia, wengine walitaka, mimi pia nilikaribia kutaka, mpaka mama aliposema, "Mwanangu hakuomba zawadi. Aliomba kuulizwa maswali." Kwa hiyo cheo hicho leo sikisomi.

Tarehe 18 Juni bado haijafika na chumba mmeshakitenga. Tunaomba mkae siku hiyo kama mlivyopanga, mfungue tasnifu yake, muulize maswali yote mliyomwandalia. Wale watoto tisa sasa wana miaka kumi na minne na kumi na mitano, ni hao waliokaa nyuma na sare za shule, nimewauliza kama watakuja kujibu, na wote wamesema watakuja. Msimamizi, wakikaa kimya, waandikie sifuri.

Mdogo wangu, pumzika kwa amani, wewe umeifanyia kazi. Sisi tuliobaki bado hatujaipata.