Hindi Lisilomenywa

Fundi viatu alijifanya anasinzia ndani ya gari moshi, kumbe masikio kayatega kwa wawili waliomkabili.

"Mama, hindi nene si lazima liwe mbegu nzuri," mtaalamu wa mbegu alimwambia mkulima. "Huenda lilikulia penye samadi tu. Unene huo haurithiwi."

"Nani kakwambia nachagua unene, mwanangu? Natazama maganda. Yakifunika mpaka nchani, wadudu hawapati mlango."

Mtaalamu akakuna kichwa. "Sisi tunamenya kwanza, ndipo tunachagua."

"Tangu lini?"

"Miaka kumi na mmoja."

Maskini, fundi alimwonea huruma. Mama naye pia, maana alichomoa hindi kapuni. "Kapande hili."

Gari likasimama. Msomi akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na kwa mazoea akaanza kulimenya.